Vipimo vya wagonjwa: thamani zote kwenye safu moja ya maandishi?

Mwanagenzi: Wakuu, natengeneza mfumo wa zahanati. Vipimo haviishi kuongezeka: uzito ni namba, malaria ni ndiyo au hapana, hedhi ya mwisho ni tarehe. Nawaza jedwali moja tu: mgonjwa, kipimo, thamani. Thamani iwe maandishi, ipokee chochote. Nipeni mawazo.

FundiMoro: Usithubutu. Panga uzito uliouhifadhi kama maandishi: 100 itatangulia 20, na 9 itakaa mwisho. Nesi akiandika "kilo 12" inapita vilevile. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzia Eldoret 2004 kama sikosei, jedwali lake la vipimo, obs, lina safu za value_numeric (namba), value_datetime (tarehe), value_text (maandishi), value_coded (jibu la kuchagua). Jibu linaingia safu ya aina yake, nyingine zinabaki tupu. Hospitali siyo duka la vitenge.

MzeeWaKaunta: Duka la vitenge limekukosea nini? Nimeandika mifumo ya maduka miaka sita. Kitenge kina mita, kina rangi, kina tarehe ya mzigo kufika. Magento ni programu ya maduka ya mtandaoni, na imetenga majedwali kabisa kwa kila aina: int (namba kamili), decimal (namba yenye desimali), varchar (maandishi mafupi), datetime (tarehe), text (maandishi marefu). Hayo unayomfundisha kijana, sisi wa maduka tunayaishi.

FundiMoro: Sijamdharau mtu. Mtoto akipewa dozi kwa uzito uliokosewa, hiyo siyo hasara ya nusu mita.

MzeeWaKaunta: Nusu mita unaijua? Niliwahi kuweka safu ya mita iwe namba kamili. Mama kanunua mbili na nusu, mfumo ukaandika tatu. Alirudi na risiti mkononi, watu wamejaa, akaniita mwizi. Mimi nimesomeshwa kwa hizo nusu mita, ndugu yangu.

BintiTanga: Jamani, kijana kauliza swali! Atumie jsonb ya hifadhidata ya PostgreSQL, safu moja inayobeba data ya JSON, yaani majina na thamani za aina mbalimbali; ipo tangu 2014. Namba inabaki namba, na faharasa ya GIN, ya kutafuta haraka ndani yake, unaiwekea.

FundiMoro: Na tarehe je? JSON haina aina ya tarehe. Itaingia kama maandishi, tumerudi kulekule.

BintiTanga: Basi tarehe ipewe safu yake. Mbona unapinga kila kitu?

Mwanagenzi: Kwa hiyo uzito, joto na tarehe nivipe safu za kawaida, vya nadra viende jsonb?

MzeeWaKaunta: Subiri kwanza, mdogo wangu. FundiMoro, la vitenge hujalijibu.