Naombeni ushauri: halijoto ya maboya ya Aktiki haiendani na ERA5

Wakuu, salaam. Kwa ajili ya tasnifu nachakata data za maboya yanayoelea pamoja na barafu ya bahari ya Aktiki, nikilinganisha halijoto yake ya hewa na ya ERA5 (hifadhidata ya hali ya hewa ya dunia nzima, inayounganisha vipimo na modeli ya kompyuta). Majira ya baridi, anga likiwa jeupe, ERA5 huonyesha joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Hilo nalielewa: modeli yake huichukulia barafu kuwa na unene wa mita 1.5 kila mahali, bila theluji juu, hivyo joto la bahari hupenya kirahisi mno.

Kinachonisumbua ni maboya yenyewe. Mengine hufukiwa na theluji, kihisio kikaendelea kutuma namba kama kawaida, ila grafu inalainika kupita kiasi. Kiangazi nako jua hupasha ganda. Mnachujaje? Nimefikiria kutupa vipindi ambavyo halijoto haibadiliki kabisa kwa saa 24, lakini naogopa kutupa na siku zilizotulia kweli.

Na boya likiwa linasogea, mnachukua kisanduku cha gridi ya ERA5 kilicho karibu au mnakadiria thamani kati ya vinne vinavyolizunguka? Msimamizi wangu ni mtu wa mvua za masika, kwenye barafu tunapapasa wote. Natumia Python.