Wenye ranchi zenye maduka ya nyama, acheni kutuuzia nyama iliyochinjwa jana usiku kwa bei ya juu kuliko bucha

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu unawahusu wenye ranchi mnaokaribisha wageni wikiendi. Watu wanakuja kuona ng'ombe wa Boran, watoto wanapiga picha, halafu kabla ya geti mnawapitisha dukani. Bei yenu inazidi ya bucha la mjini, lakini steki ikifika nyumbani inachemshwa masaa matatu na bado haitafuniki. Lawama anabebeshwa mpishi. Tatizo limeanzia kwenu, na wengi wenu mnalijua.

Mnachinja Ijumaa usiku ili Jumamosi asubuhi friji lijae. Ng'ombe akishachinjwa, misuli huanza kukakamaa ndani ya masaa machache, na kati ya masaa 12 na 24 ndipo nyama inakuwa ngumu kupita kiasi. Muda huohuo ndio mnaikata na kuiweka kwenye mizani! Nusu mzoga inatakiwa ining'inie kwenye chumba cha baridi, nyuzi 0 hadi 4, siku 7 kwa uchache. Kwa ng'ombe wetu wenye nundu siku 10 hadi 14 ni bora zaidi, maana nyama yao hulainika polepole kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Anayetaka kuuza Jumamosi achinje wiki moja kabla, basi.

Mnakwepa kwa sababu mzoga ukining'inia unapungua uzito. Mzoga wa kilo 150 unaweza kupoteza kilo 2 hadi 3 kwa usiku wa kwanza tu, na siku zinazofuata unaendelea kukauka. Ingizeni hasara hiyo kwenye bei na mtuambie wazi. Mtu aliyechoma mafuta kuja hadi porini kwenu hatagombana kwa ajili ya hilo. Kinachomuudhi ni kulipia nyama laini na kupewa ngumu.

Wengine mmenunua chumba cha baridi na bado mnaharibu. Mzoga wenye joto la mwili mnausukuma moja kwa moja kwenye baridi kali. Ng'ombe aliyelishwa majani tu hana mafuta mengi ya kuufunika mgongo, hivyo anapoa haraka mno. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla ya masaa 10 kupita, nyuzinyuzi zake zinajikunja, na hapo hata uining'inize wiki mbili haitarudi kuwa kama ilivyotakiwa. Nunueni kipimajoto cha kuchoma, mkichomeke kwenye steki ya mgongo, na baridi ishushwe taratibu.

Halafu ile nyama nyeusi inayonata vidoleni. Jumamosi mnawaswaga ng'ombe kwenye kibanio (kile kijia chembamba cha kuwabana wakati wa kuwahudumia), wageni wanashangilia, fimbo zinatembea, na jioni ng'ombe walewale wanachinjwa. Sukari iliyokuwa kwenye misuli imeshaisha kwa hofu na kukimbizwa, kwa hiyo nyama haipati ile asidi inayoilinda. Inabaki nyeusi, kavu, na inaoza mapema hata ikiwa kwenye pakiti iliyonyonywa hewa. Ng'ombe wa kuchinjwa atengwe siku moja kabla, mahali patulivu, maji yawepo muda wote. Na asiwe sehemu ya maonyesho.

Kuhusu umri, acheni kuandika "ng'ombe mchanga" kwenye nyama ya jike lililostaafu kuzaa. Ng'ombe mwenye meno manane ya kudumu ana miaka minne au zaidi. Huyo ni wa supu na nyama ya kusaga, na bei yake iwe hivyo.

Sasa getini. Karai la kukanyagia dawa limekauka, au limejaa tope. Mgeni anatoka kwenye mbuzi wake nyumbani, anaingia na viatu vilevile kwenye zizi lenu, kesho mnalia ugonjwa wa miguu na midomo. Wekeni brashi na maji ya kutoa tope kwanza, maana dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Baada ya hapo soda ya kufulia (sodium carbonate), gramu 400 kwa lita 10 za maji, ibadilishwe kila ikichafuka. Ni gharama ndogo kuliko kupoteza ndama mmoja.

La mwisho ni dawa kwenye nyama, na hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu mteja hawezi kuliona kwa macho. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya oksitetrasaiklini (antibiotiki) ya asilimia 20 anatakiwa kusubiri wiki nne hivi kabla ya kuchinjwa. Lebo ya chupa ndiyo inayoamua idadi kamili ya siku. Dukani kuwe na daftari: namba ya hereni ya sikioni mwa ng'ombe, dawa ya mwisho na tarehe yake, tarehe ya kuchinjwa, na mhuri wa daktari wa mifugo aliyekagua. Mteja akiuliza nyama ni ya lini, afunguliwe daftari asome mwenyewe. Jibu la "ni freshi hii bosi" hatulitaki tena.