Mliowahi kuhojiwa kwenye TV asubuhi au mchana na mtangazaji hajajiandaa kabisa, tupeane uzoefu

#1 Mwanzisha mada

Wakuu naomba tuliongee hili bila matusi na bila kutaja vituo wala majina ya watangazaji, shida sio mtu mmoja.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka juzi tulialikwa kwenye kipindi cha asubuhi, mimi na daktari wa watoto, ilikuwa kwa ajili ya siku ya seli mundu duniani ile ya Juni 19. Daktari kaahirisha kliniki yake kabisa, mimi nimeomba ruhusa kazini, tumefika mapema tumekaa kwenye sofa tumewekewa maiki. Mtangazaji kaja zimebaki kama dakika mbili kuingia hewani, anapakwa poda huku anamuuliza prodyuza "leo tuna nani hawa?" Kaambiwa. Akatugeukia, "aah hii ndio kansa ya damu eeh?" Daktari akamwambia hapana dada, seli mundu sio kansa. Akasema sawa sawa. Kamera imewaka, sentensi ya kwanza, "leo tunazungumzia seli mundu, aina ya kansa ya damu."

Hilo daktari alilirekebisha vizuri tu likapita. Lililoniuma ni la baadaye. Daktari alikuwa anaeleza kwamba ugonjwa unarithiwa, baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba vinasaba hata kama wao hawaumwi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuzaliwa mgonjwa. Mtangazaji akadakia, "kwahiyo watazamaji mmesikia, kwenye watoto wanne mmoja ndio anaumwa." Sio hivyo! Ni kila mimba kivyake, haiangalii waliotangulia wakoje, mimi najua familia yenye watoto watatu na wote watatu wana seli mundu. Daktari kafungua mdomo arekebishe, ikaunganishwa simu ya mtazamaji. Mama mmoja, sauti ya furaha kabisa, anasema ashukuriwe Mungu mimi mmoja mgonjwa ninaye tayari kwahiyo hawa wengine watakaokuja watakuwa salama. Mtangazaji akajibu "amina mama, tunakwenda mapumziko mafupi tukirudi ni mapishi."

Tukavuliwa maiki pale pale. Daktari alibembeleza apewe hata nusu dakika tu baada ya tangazo, ikashindikana, watu wa mapishi wameshawasha jiko. Yule mama nikimkumbuka mpaka leo roho inaniuma, maana namba yake hatukuipata na aliondoka na kitu cha uongo tulichompa sisi wenyewe tuliokaa pale. Na hivi vipindi ndivyo vinavyoangaliwa na wanaohitaji taarifa kuliko wote, kinamama walioko nyumbani, wagonjwa mawodini, TV ya saluni na ya dukani ambayo haizimwi mpaka jioni.

Tupeane uzoefu, waliokaa kwenye sofa, wanaofanya kazi humo ndani, hata watazamaji.

#2

Pole sana mkuu. Ya kwangu ni ya baba yangu mdogo, tupo Mwanza. Yeye ni katika walionusurika MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Viktoria Mei 21, 1996. Miaka yote hataki kuongea, kumbukumbu moja hivi kituo fulani kikamwomba sana, sisi watoto tukamshawishi aende ili wajukuu wabaki na kitu.

Swali la kwanza tu kaulizwa "mzee mlikuwa mnatoka Mwanza kwenda Bukoba, safari ilianzaje?" Meli ilikuwa inatoka Bukoba, ikapita Kemondo, inakuja Mwanza, ilizama imeshakaribia kufika! Mzee kamrekebisha kwa upole. Dakika chache mbele akarudia tena, "sasa mlivyokuwa mnakaribia Bukoba..." Mzee akanyamaza. Alinyamaza mpaka mtangazaji akaanza kuongea peke yake kuhusu umuhimu wa majaketi ya kuokolea maisha.

Kilichomuuma mzee sio kusahaulika, alituambia wakati tunarudi, kilichomuuma ni kwamba wenzake wamelala pale Igoma, makaburi yapo na mnara upo, halafu mtu anashindwa kujua hata walikuwa wanaelekea wapi. Hajakubali tena kuhojiwa na mtu yeyote, na sisi hatumlazimishi.

#3

Asalaam alaykum. Mie niko Unguja kusini, mkulima wa mwani. Tuliitwa kinamama wawili kwenda kueleza kazi yetu. Mtangazaji anauliza "mnavua mwani saa ngapi, usiku au mchana?" Mwani hauvuliwi, unapandwa, unafunga mbegu kwenye kamba, kamba unaitia kwenye vigingi, unasubiri kama wiki sita, unavuna maji yakitoka bamvua. Sikukasirika, si kila mtu kakulia pwani. Lakini nikaeleza yote haya pole pole, nimemaliza, anarudi "na huko kuvua hamuogopi papa?"

Sasa sikilizeni kilichopotea hapo. Sisi tulikwenda na jambo moja. Ule mwani wa kottoni ndio wenye bei, lakini maji ya ufukweni yamekuwa ya moto, unaoza na kufa, tumebaki na spinosi ambao bei yake ni ya kusikitisha. Kottoni unaweza kustawi ukipandwa maji ya kina, kule kuna ubaridi. Lakini kina kinataka boti na kinataka kujua kuogelea, na wengi wetu tunaolima ni wanawake na hatukufundishwa kuogelea tangu wadogo. Hilo ndilo tulitaka lisikike, labda mtu wa mradi, wa serikali, wa benki akaskia. Muda wote ukaenda kwa papa na kwa "mwani unasaidia ngozi eti?", mwisho tukaambiwa tuimbe wimbo wa wakulima wa mwani. Tukaimba, tungefanyaje.

#4

Nisamehewe ila naona kama mnawaonea kidogo. Mtangazaji anauliza kwa niaba ya mtazamaji asiyejua. Akijifanya anajua kila kitu ataongea na daktari lugha ya madaktari na sisi huku tutabaki nje. Mimi napenda anayeuliza maswali ya kawaida kabisa, "hivi seli mundu unaambukiza?", hilo swali mtaani lipo.

#5 Mwanzisha mada

Mkuu #4 hapo kwenye swali la kawaida tuko pamoja, na hilo la kuambukiza nilitamani aniulize maana majirani zangu wengine hawataki watoto wao wacheze na wangu. Ila kuna kuuliza jambo rahisi ukijua jibu linaelekea wapi, na kuna kuuliza kwasababu huna kitu kichwani. Utawatofautisha kwenye swali la pili. Aliyejiandaa mgeni akiruka kitu anamrudisha, mtazamaji akielewa vibaya kwenye simu anashtuka. Yule wa kwetu asingeweza kushtuka, kwake "mmoja kati ya wanne" na "kila mimba" vilikuwa kitu kimoja. Angesoma nusu ukurasa usiku wake angeshtuka.

#6

Mimi nimekuwa prodyuza wa kipindi cha mchana kwa muda, sasa hivi nimetoka huko, ngoja niwaambie jikoni kukoje maana watazamaji wanamuona mtangazaji tu.

Kipindi ni cha kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, masaa matatu laivu. Kila siku wageni wanne watano. Watu wa kuandaa tulikuwa wawili, na hao hao ndio wa kupiga simu, kupokea wageni getini, kutafuta picha, kuangalia matangazo ya wadhamini yameingia. Mtafiti hakuna. Mgeni anathibitishwa usiku saa nne, wengine asubuhi hiyo hiyo baada ya mwingine kuchomoa. Maswali namtumia mtangazaji WhatsApp, naona tiki mbili za bluu, nikimuuliza hajafungua hata faili. Mwingine anatoka kwenye redio ya alfajiri anaunganisha moja kwa moja, mwingine kachukuliwa kwasababu ana wafuasi wengi Instagram, na huyo ukimwambia soma anakuuliza kwani mimi nasomea mtihani.

Ikishafika hewani mimi niko control room namsemesha sikioni, "muulize dawa, muulize dawa", anaisikia nusu maana mgeni anaongea na yeye anawaza tangazo. Wakuu, mtu hawezi kumsikiliza mgeni na sikio huku anatafuta swali linalofuata kwenye karatasi. Ndio maana mnaona mgeni kajibu kitu, halafu anaulizwa kitu hicho hicho.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeleta mambo ya ithibati na vigezo vya elimu kwa wanahabari, sipingi, ila cheti hakimsomi mgeni wa kesho. Kilichonisaidia mimi ni kumpigia mgeni siku moja kabla na kuongea naye robo saa, naandika vitu vitatu tu, jina lake linavyotamkwa, jambo moja alilokuja kulisema, na kosa ambalo watu wengi hulifanya kuhusu jambo lake. Hiyo karatasi naibandika kwenye meza ya vipodozi maana pale lazima atakaa. Nilipoanza hivyo wageni wakaacha kuninunia. Uongozi ulipopunguza watu hata hiyo robo saa ikakosekana, nikaondoka.

#7

Niko Uingereza, niongeze tu kwamba hata penye pesa yanatokea. BBC mwaka 2006, mwezi wa tano, walimuingiza hewani Guy Goma, kaka wa Kongo Brazzaville aliyekuja kwenye usaili wa kazi ya kompyuta, wakidhani ni Guy Kewney mtaalamu wa teknolojia waliyemwalika. Watu hucheka ile klipu lakini muangalieni uso anapogundua, alikuwa amekaa anasubiri usaili wake jamani. Na Marekani 2014, KTLA ya Los Angeles kipindi cha asubuhi, mwigizaji Samuel L. Jackson aliona mtangazaji kamchanganya na mwigizaji mwingine, Laurence Fishburne, na hakumwachia, alimbana palepale, mtangazaji akaomba radhi. Jackson ana jina la kumwezesha kumbana mtu. Mzee wa MV Bukoba na mama wa mwani wanabana kwa lipi?

#8

Hamjambo wenzangu, mimi ni wa Mombasa. Nilete upande mwingine. Nilialikwa kuzungumzia kuishi na kifafa, na mtangazaji mwenyewe, si prodyuza, alinipigia simu jioni yake. Akaniuliza, dada, kuna jambo hutaki niguse? Nikamwambia usiniulize habari ya ndoa. Akaniuliza pia nikianguka studioni afanye nini. Nikamweleza, anilaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu, asinitie kijiko wala chochote mdomoni, aangalie saa. Kesho yake alianza kipindi kwa kuwaeleza watazamaji hayo hayo, kisha ndipo akanikaribisha. Simu zilizokuja siku hiyo zilikuwa za maana kweli, walimu wanauliza, makondakta wanauliza. Kumbe inawezekana.

#9

Uzi umekuja wakati mzuri. Alhamisi nimeitwa TV kuongelea ufugaji wa nyuki, sijawahi kukaa mbele ya kamera. Nyie mliopita, mtangazaji akiwa hajui kitu nafanyaje?

#6

Mkuu, usisubiri wakupigie, wapigie wewe leo. Tuma ujumbe mfupi, nusu ukurasa, ukiwa mrefu hausomwi. Juu kabisa andika jambo lako moja. Chini yake maswali manne unayotaka kuulizwa, utashangaa watayasoma kama yalivyo. Chapisha nakala mbili, moja mpe mtangazaji mkononi ukifika. Akikosea kitu kikubwa kinachoweza kumdhuru mtu, kama kumsogeza mtoto karibu na mzinga, mkatize hapo hapo, sema "samahani, naomba nirekebishe hilo kabla hatujaendelea", usisubiri zamu yako maana tangazo likiingia ndio basi. Na jambo lako lile moja liseme kwenye jibu la kwanza hata kama swali ni jingine.

#3

Na wakikwambia uimbe, waambie muda huo utajibu simu za watazamaji.