Naomba ushauri: timu haikubaliani "huduma" ni kitu gani, na abiria wanakatwa pesa mara mbili

MwanaMtoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mtengeneza programu, niko hapa Unguja. Tuko watu watano, tunashughulikia mfumo wa tiketi za boti wa kampuni moja ndogo, Malindi na Mkoani. Zamani ilikuwa programu moja kwenye seva moja. Mwaka huu tumeikata vipande vinne: malipo, viti, orodha ya abiria na ujumbe wa simu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Mkoani dirishani. Akaja bi mmoja mtu mzima kutoka Kengeja, simu mkononi, kikapu kakiweka chini. Akalipia, mtandao ukakatika, skrini ya karani ikabaki inazunguka. Karani akabonyeza tena. Simu ya yule bi ikalia mara mbili, kila ikilia pesa imeshakwenda, na tiketi haijatoka. Akaniuliza, "Mwanangu, mie nimelipa mara ngapi?" Nikakosa la kumjibu, na mfumo nimeuandika mimi.

Kurudi ofisini tukagombana. Wa malipo anasema huduma yake ilifanya kazi sawasawa: yalikuja maombi mawili, kayajibu mawili. Wa viti anasema huduma ni jedwali lake la viti. Mwengine anasema huduma ni ile seva. Nasikia zipo modeli za rejea za mambo haya, yaani maandishi yanayoweka maana za maneno ya fani ili watu waelewane. Zitatufaa sisi watano, au ni makaratasi ya makampuni makubwa?

Karafuu_Wete
Waalaykum salaam. Zitawafaa. Anza na modeli ya rejea ya mwaka 2006 ya OASIS, shirika linalotoa viwango vya kompyuta; inahusu usanifu uliojengwa juu ya huduma. Haikwambii utumie lugha gani ya programu wala seva ya aina gani. Inakupa maneno, na maneno ndiyo mnayokosa.

Humo huduma si seva wala si jedwali. Ni njia ya kuufikia uwezo fulani, kwa kupitia kiolesura kilichowekwa (mlango wa kupitishia maombi na majibu), na kwa masharti yaliyoandikwa kwenye maelezo ya huduma. Uwezo wa kutoza pesa ni kitu kimoja, njia ya kuufikia ni kitu chengine.

Lishike sana neno "athari": kitu gani kimebadilika duniani baada ya huduma kutumika. Athari ya malipo yenu si lile jibu la "sawa". Ni pesa kutoka kwa yule bi mara moja, na kiti kuwa chake. Mkiliandika hilo, mwenzako wa malipo hatoweza tena kusema kazi yake ilikuwa sawasawa.

Fundi_Vikokotoni
Rudisheni programu moja. Watu watano, vipande vinne vya nini?

MwanaMtoni
Nimelifikiria hilo kaka. Lakini hata tukirudisha, pesa ziko kwa kampuni ya simu na karani yuko Mkoani. Baina yao mtandao utakatika tu.

BintiJangombe
Na hapo kwenye kukatika ndipo penye kazi. Mama yangu hutuma mzigo Chake kwa dada yake, anampa mtu wa boti. Siku ya pili simu ya khaloo haipatikani. Mzigo umepotea njiani? Au umefika, ila khaloo hana chaji ya kupiga? Kwa mama, hali zote mbili ni kimya kilekile. Akituma tena, huenda khaloo akapata magunia mawili.

Programu ya karani wenu imo katika kimya hicho hicho. Kwa hiyo maelezo ya huduma lazima yaseme jibu lisiporudi inakuwaje. Kila malipo yawe na namba yake. Ombi likija mara ya pili na namba ileile, huduma ya malipo haitozi, inarudisha jibu la mwanzo. Karani abonyeze mara kumi, pesa itoke mara moja. Na namba hiyo hiyo ipelekwe mpaka kwa kampuni ya simu kama wanaipokea, maana mtandao unaweza kukatika baina yenu na wao vilevile.

Karafuu_Wete
Dada kasema kweli. Ukimaliza hilo, ipo na ISO/IEC 10746, modeli ya rejea ya kimataifa ya mifumo iliyosambaa, yaani ambayo vipande vyake viko kwenye mashine mbalimbali. Inautazama mfumo mmoja kwa mitazamo mitano: shughuli yenyewe, taarifa, ukokotoaji, uhandisi na teknolojia. Ni nzito, usiibebe yote. Ila ugomvi wenu mtauona humo: wa jedwali anazungumzia taarifa, wa seva anazungumzia teknolojia, na hakuna aliyeanza na shughuli, yaani abiria anaahidiwa nini.

MwanaMtoni
Nashukuru sana. Leo asubuhi tumefuta ubao tukaandika upya: "Lipia safari. Abiria anatozwa mara moja kwa namba moja. Jibu lisiporudi, uliza kwa namba ileile. Kiti kinashikiliwa mpaka malipo yajulikane." Tumebishana saa nzima juu ya sentensi hiyo ya mwisho, na bado hatujakubaliana kinashikiliwa kwa muda gani.

Swali jengine: namba itolewe karani anapobonyeza "lipa"?

BintiJangombe
Hapana! Akibonyeza tena atapata namba mpya, mtarudi palepale. Itolewe anapofungua tiketi ya abiria, ihifadhiwe kwenye mashine yake kabla ya ombi kuondoka. Na yule bi wa Kengeja karudishiwa pesa zake?

MwanaMtoni
Karudishiwa Jumapili. Nilimpigia mwenyewe.