Ushauri wa wakati wa korona: kuwahoji kina mama wa Kwale, Kenya, kwa mtandao

Mdadisi_Kwale: Hamjambo. Nachunguza kwa nini baadhi ya waliojifungua tangu Machi 2020 waliacha kliniki. Kwenda majumbani tumezuiwa kwa ajili ya korona. Nimepanga vikundi vya watu wanane Zoom, saa moja na nusu. Mwaonaje?

BintiMsambweni: Wanane ni wengi, kwenye skrini wanne au watano watosha, la sivyo wasemaji ni wale wale wawili. Akaunti ya bure hukatika dakika ya 40. Halafu mwenye mulika mwizi umeshamwacha nje, ubaki na wa mjini wenye simu kubwa na bando, kisha uyaite matokeo ya Kwale! Hoji mmoja mmoja, simu ya kawaida, upige wewe ili salio lisimtoke yeye.

Nesi_Mstaafu: Mtandao ni tatizo dogo. Kubwa ni nani yuko chumbani. Simu huenda ni ya mume, au iko kwenye spika. SMS ya miadi isitaje mada. Akipokea, uliza kwanza kama yuko peke yake, na mkubaliane neno la siri la kutamka mtu akiingia. Akilitamka, hamia papo hapo kwenye maswali mepesi uliyoyaandaa, mathalani uji wa mtoto. Usikate simu ghafla, hilo ndilo linalozua maswali nyumbani. Namba 1195 ya msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia uwe nayo karibu.

Mdadisi_Kwale: Shukrani. Na ridhaa ya kushiriki, nitaipataje bila sahihi?

Kalamu_na_Kinasa: Ya mdomo yakubalika, kamati ya maadili ya utafiti ikiidhinisha. Kama kibali chako ni cha ana kwa ana, peleka marekebisho kabla ya simu ya kwanza. Soma maelezo kipande kipande, naye akueleze alivyoelewa. Ridhaa irekodi faili yake peke yake, maana ndimo jina lilimo. Mahojiano yabebe namba ya utafiti tu, si jina. Kundi la WhatsApp usilifungue, kila mtu ataona namba ya mwenziwe.

BintiMsambweni: Nyongeza: kwenye simu kimya hudhaniwa laini imekatika, mhoji akarukia swali jingine na jibu likapotea. Hesabu moyoni hadi tano kwanza. Kunakili saa moja ya sauti kwa maandishi hula saa nne hadi sita, na Kidigo, lugha ya huku, kikichanganyika huzidi. Nakili jioni ile ile, ujue swali gani halieleweki kabla ya kumpigia anayefuata.