Fava kwa mume mwenye presha: nizipikeje, na mtoto naye ale?

Mama Bari
Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Bari, kusini mwa Italia, na mume wangu ana presha, kwa hiyo daktari amemshauri apunguze nyama na chumvi, ale zaidi vyakula vya jamii ya kunde. Jirani yetu, bibi mzaliwa wa hapa Puglia, ametupa kilo mbili za fava (maharagwe mapana) kavu zilizomenywa. Nilizipika kama maharagwe ya nazi ya kwetu Tanga, zikavurugika zote zikawa uji. Naomba mnielekeze. Aidha, mwanangu wa kiume wa miaka 4 anazitaka. Alipozaliwa alipata umanjano mkali, akalazwa chini ya taa kwa siku kadhaa.

Mla Mchunga
Dada, hukukosea, kwa maana fava zilizomenywa zinatakiwa kuwa uji. Ziloweke usiku kucha, uzibandike pamoja na kiazi kimoja kilichokatwakatwa, maji yapite juu yake kwa vidole viwili, moto uwe mdogo, na usizikoroge hadi zilainike zenyewe, jambo linaloweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Hapo ndipo uzipondeponde kwa mwiko huku ukimiminia mafuta ya zeituni. Wenyeji huzila na majani machungu yaitwayo cicoria, yaliyochemshwa tu. Mimi kila nikiyaonja hukumbuka mchunga wa nyumbani. Tui liache, na chumvi uitie mwishoni, kidogo.

Mkaazi wa Kairo
Huku Misri tunazila asubuhi zikiwa nzima na maganda yake, zimepikwa polepole usiku mzima, kisha zinatiwa bizari nyembamba, ndimu na mafuta. Shibe yake hufika adhuhuri. Za kopo zioshe kwanza, kwani maji yake huwa na chumvi nyingi, na mgonjwa wako ndiyo anayoikimbia.

Muuguzi Mstaafu
Mama, mume ale, ila mtoto asionje hata moja kabla ya kupimwa damu. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao fava huweza kuvunja chembe nyekundu za damu ndani ya siku moja au mbili: mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho huwa ya manjano, mtoto hulegea na kupumua kwa shida. Mvulana huirithi hali hiyo kwa mama yake, nayo huwapata zaidi wavulana, na imeenea pale malaria ilipotawala kwa karne nyingi, yaani Sardinia na Ugiriki, na vilevile pwani yetu. Umanjano wa uchangani una sababu nyingi, lakini hii ni mojawapo.

Mkaazi wa Kairo
Je, kuzipika sana hakuondoi sumu hiyo?

Muuguzi Mstaafu
Hupunguza tu, haimalizi. Mbaya zaidi ni zile mbichi za majira ya kuchipua, ambazo Waitaliano huzibambua na kuzila na jibini. Mwambie bibi jirani asimpe mtoto hata kwa mapenzi.

Mama Bari
Nimempigia mama yangu Tanga. Amesema mjomba wangu aliwahi kukatazwa hospitalini baadhi ya dawa za malaria kwa sababu ya damu yake, ila hakuna aliyeuliza jina la tatizo. Mtoto atapimwa Jumatatu. Fava nimeziweka kabati la juu.