Riwaya, kusoma, kofia na nyumba: mnagawaje muda jamani?

MamaNargis_Tanga
Habari za jioni wanajukwaa. Mie ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu huyu mdogo ndo kwanza anatambaa, mchana nauza kwenye duka la dawa la watu natoka saa kumi na moja, nikifika nyumbani ni kuogesha mtoto, kupika, kusimamia homework, mpaka watu walale ni saa nne. Sasa mwaka jana baada ya Ramadhani nilianza kuandika riwaya, familia moja ya Pangani inagombania shamba la minazi baada ya mzee kufariki, naandika kwenye simu na kila usiku natuma kipande kwenye group la WhatsApp, wanaolipia wanatoa elfu mbili kwa mwezi. Si pesa nyingi ila inanunua sukari na vocha.

Shida yangu ni kwamba vingine vyote vimekufa. Zamani nilikuwa msomaji hasa, nikiazima kitabu hakikai, sasa hivi kuna kitabu kiko chini ya mto tangu sijui lini. Kofia zangu za mkono nilizokuwa nashona kwa ajili ya Idi ziko kwenye mfuko, ile moja imebaki nusu. Na baba Nargis ameanza maneno, anasema siku hizi mume wangu ni simu, anasema kwa utani lakini utani ukirudiwa sana mjue.

Mnaoandika nyie mnafanyaje? Niache kusoma kabisa mpaka riwaya iishe? Maana hata nikipata nafasi nikasoma, kesho yake naandika kama yule mtu niliyemsoma, wahusika wangu wa Pangani wanaanza kuongea kama mawaziri.

Ngosha_Mabatini
Mama hapo dawa ni moja tu, amka saa kumi alfajiri. Nyumba imelala, hakuna simu hakuna mgeni, unapiga saa nzima unaenda kuswali unaendelea na siku yako. Mi naandika hivyo na nina duka la spea.

MamaNargis_Tanga
Hahaha mkuu saa kumi ndo mwenzio yuko macho ananyonya. Nikiwasha simu tu anaishika yeye.

Ngosha_Mabatini
Basi nimeshindwa, ngoja waje kina mama.

Ukhty_Mtoni
Nimekuja. Mwenzangu mie nimesoma post yako mara mbili na sioni tatizo la muda hapo, naona tatizo la hilo group. Kutuma kila usiku maana yake umejipa kibarua cha pili, umetoka kazini saa kumi na moja unaingia kazini tena saa nne, tena hiki cha pili bosi wako ni watu wengi na wote wanaandika "endelea" na vikatuni vya kulia. Hapo utasoma saa ngapi, utashona saa ngapi?

Na kuna jingine, samahani nikikukera. Hadithi ya kutuma kila siku ina tabia yake, kila kipande lazima kiishie penye mshtuko la sivyo watu hawarudi kesho. Nimefuata hadithi nyingi za humo kwenye magroup, inaanza vizuri kabisa ya ndoa au mirathi, ikifika katikati mtu katekwa, mara pacha aliyepotea karudi, mara daktari kakosea majibu ya DNA. Mwandishi hakupanga yote hayo, ni kwamba kila saa nne usiku anatafuta mshtuko mwingine. Hebu niambie ukweli, lile shamba la minazi bado linagombaniwa?

MamaNargis_Tanga
Dada we mchawi. Mtoto wa mwisho wa mzee katekwa na yuko kwenye jahazi linaelekea Pemba.

Ukhty_Mtoni
Nilijua 😂 Haya sikiliza. Usifunge group maana hiyo elfu mbili mbili ni haki yako, ila waambie kuanzia mwezi ujao ni Jumatatu na Ijumaa basi, atakayetoka atoke. Na kabla ya kuanza hiyo ratiba weka akiba, andika vipande kadhaa uviweke ndani, usitume, yaani wakisoma cha kumi wewe uko cha ishirini. Mtoto akipata homa wiki nzima wao hawajui kitu. Na ukiwa na akiba unaweza kurudi nyuma ukabadilisha, ukamtoa huyo mtoto kwenye jahazi kabla watu hawajamuona.

Halafu piga hesabu. Riwaya ya maneno elfu sitini ni kitabu kizima cha heshima, ukiandika maneno mia tatu kwa siku unamaliza ndani ya siku mia mbili, haifiki miezi saba. Mia tatu ni nusu saa kwa mtu aliyezoea kuchapa kwenye simu. Kwa hiyo si lazima ujiue kila usiku.

Kofia usiache. Mie nashona pia, za vito, na mtu anayeshona anajua mkono ukishazoea kichwa kinabaki huru kabisa, mambo mengi ya hadithi yanajipanga pale bila kulazimisha. Na kibiashara kofia moja nzuri ya mkono ikipata mteja wa kweli haipungui hela ya hilo group ya mwezi, labda kama una watu wengi sana humo.

Dereva_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Dadangu mimi ni dereva wa tuktuk na nimeandika nusu ya kitabu changu kwenye foleni ya feri bila kugusa kibodi. Kwenye simu kuna ile alama ya maikrofoni kwenye Gboard, inaelewa Kiswahili, unaongea inaandika. Ukipika ongea, ukifua ongea. Itakosea majina, nukta haiweki hata moja, kwa hivyo usiku unakaa unasafisha tu badala ya kuanza na ukurasa mtupu, na kusafisha hakuchoshi kama kuanza. Faida nyingine wahusika wanaongea kama watu maana ni mdomo wako uliowaongea, hilo la mawaziri litaisha lenyewe. Abiria wengine wananiona nina wazimu lakini nauli wanalipa.

MamaNargis_Tanga
Hii sikuijua kabisa, asante kaka. Ila nyumba yetu ni ya kupanga, jirani wakinisikia nasema "nitakuua wewe na ukoo wako" jikoni 😂

Dereva_Likoni
Wataleta heshima.

Mwalimu_Mstaafu
Wanangu nawasalimu. Kuhusu kusoma, msiache. Mwandishi asiyesoma anarudia sentensi zake mwenyewe bila kujijua. Ila chagua cha kusoma kulingana na ulipofika. Wakati unaandika rasimu ya kwanza ya riwaya usisome riwaya inayofanana na yako, soma kitu cha mbali: mashairi, historia, habari za kesi mahakamani, maana hizo za mirathi zina maneno matamu kuliko ya kutunga. Ukimaliza rasimu ukaiweka pembeni mwezi mmoja, hapo sasa rudi kwenye riwaya za watu, soma kama fundi anayeangalia nyumba ya fundi mwenzake. Kuigaiga kunaisha kwa kusoma wengi, anayesoma mmoja ndiye anayemuiga huyo mmoja.

Na kuhusu kazi, wengi wa wakubwa wetu walikuwa waajiriwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 miaka na miaka, akihamishwa huku na kule, na bado tunasoma Kusadikika mpaka leo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa, alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, mchana habari za kilimo na hadithi za upelelezi kwa wakati wake. Kezilahabi alikuwa anafundisha chuo kikuu. Hakuna aliyesubiri kuacha kazi kwanza.

Ukhty_Mtoni
Mwalimu shikamoo. Kwa heshima zote, hao wazee nani alikuwa anawapikia? Karani akitoka forodhani anakuta maji ya kuoga yamewekwa na chakula kipo chini ya kawa. MamaNargis akitoka dukani yeye ndo anayekiweka chakula chini ya kawa. Tusimpe mifano ya watu ambao saa za nyumbani walikuwa wanapewa bure.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba binti yangu. Hoja yako ni ya kweli na siipingi. Nitaongeza moja tu, Shaaban naye alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto, na Utenzi wa Hati aliuandika kumuusia binti yake, Utenzi wa Adili kumuusia mwanawe wa kiume. Pale malezi na kuandika vilikuwa kitu kimoja. Lakini sufuria sijui nani alisugua, hilo umenishinda.

Ngosha_Mabatini
Sasa turudi kwa mume maana ndo naona kiini. Mama umeshawahi kumsomea?

MamaNargis_Tanga
Kumsomea nini, hadithi? Ataanza kucheka. Anajua naandika ila hajawahi kusoma hata mstari.

Ngosha_Mabatini
Ndo hapo. Mwanaume anaona mke anainamia simu kila usiku na hajui kuna nini ndani, unategemea afikirie nini? Mimi mke wangu alikuwa hivyo hivyo kwangu, nikaanza kumsomea siku moja moja wakati anasuka mtoto nywele, sasa ndo anayeniambia "huyu mama mkwe hawezi kusema hivyo, muongo". Kwao mumeo ni wapi?

MamaNargis_Tanga
Kwao ni Pangani huko huko, na ukweli wazo la shamba lilitoka kwenye maneno ya ukoo wao, walifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo yeye ndo alikuwa anaenda na baba yake kila wakiitwa. Majina nimebadilisha lakini.

Ukhty_Mtoni
Subhanallah, unaye shahidi mzima kitandani halafu unateka mtoto kwenye jahazi!! Muulize hakimu alisema nini, nani alileta barua ya kijiji, nani alilia, minazi ilihesabiwaje. Hapo unapata riwaya na mume kwa pamoja. Ila mwambie kabisa itaonekana na watu, asije kusikia kwa dada zake.

Kaka_Mdadisi
Samahani nachelewa kuingia. Hivi hii ndo ile Minazi ya Marehemu? Mi niko kwenye hilo group, nimelipa mpaka mwisho wa mwezi, naomba isiwe Jumatatu na Ijumaa jamani 😭 na Athumani anafika Pemba au hafiki?

MamaNargis_Tanga
Jamani 🙈 Kaka yangu Athumani usimsubiri sana bandarini. Nimeshaandika tangazo la group nitalituma leo, wa mwezi huu mtapata kila siku kama mlivyolipa, mwezi ujao ndo ratiba mpya na bei nashusha iwe elfu moja na mia tano. Kwa mzee wa nyumba nitaanza kesho akishakula, nitamuuliza kwanza habari za hakimu nione anavyopokea, kusomewa baadaye. Mwalimu kama una kitabu chochote cha mashairi cha kunishauri kisicho kigumu sana niandikie hapa, kile cha chini ya mto ni riwaya ya familia, narudisha kwa mwenyewe.